Farasi hula hata siku usiyompanda

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita mlichapisha barua ya msomaji wa Nairobi aliyelalamika kwamba ameombwa shilingi 15,000 kwa mwezi ili apande farasi wa mtu mwingine siku tatu kwa wiki. Aliuita huo unyang'anyi. Alisema kwa pesa hizo angekodi pikipiki, na kwamba farasi "yupo tu pale, apandwe asipandwe." Niliikata barua ile nikaibandika ukutani katika chumba cha matandiko. Sikufanya hivyo kwa hasira. Hayo maneno "yupo tu pale" ndiyo kazi yangu. Kwa miaka 26 mimi ndiye ninayehakikisha kwamba yupo tu pale.

Mimi ni saisi, huku Lang'ata. Kwa wasiojua, saisi ni mtunza farasi. Ustadhi mmoja wa Mombasa aliyekuwa akimleta mwanawe kujifunza kupanda aliniambia kwamba kwa Kiarabu saisi na siasa ni watoto wa mama mmoja, maana aliyeongoza farasi na aliyeongoza watu walipewa jina kutoka shina lile lile. Tangu siku hiyo nikiulizwa ninafanya kazi gani husema niko kwenye siasa. Mshahara ndio huniumbua.

Farasi ninayetaka kumsemea ni jike wa miaka 14, kilo 460 hivi, rangi ya chai ya strungi iliyokolea. Alikimbia mbio pale Ngong Road, uwanja ambao umekuwepo tangu 1954, hadi akachoka kushindwa, mwajiri wangu akamnunua. Bei aliyonunuliwa si yangu kuitaja, ila ni chini ya anachokula kwa miezi sita. Hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Hudhani farasi ni ghali kununua. La, farasi ni ghali kuamka naye.

Mwaka jana mwajiri wangu, ambaye sote hapa tunamwita Mama, alipata kazi ya kumpeleka Kampala na Kigali kila wiki. Akawa anampanda Jumamosi, na Jumapili akijaliwa. Akatafuta mtu wa kushirikiana naye, akampata kijana wa mambo ya kompyuta, mpole, anayeniita Mzee na kunisalimia kabla ya kumsalimia farasi. Si wengi hufanya hivyo. Wakakubaliana kwa simu, bila kuniuliza: 1,500 kila anapopanda. Bei hiyo ilitoka wapi? Walitazama bei ya somo la saa moja mahali pengine, wakaipunguza kidogo, wakapeana mikono.

Machi alikuja mara tisa, akalipa 13,500, kila mtu akafurahi. Ikaja Aprili na mvua zake. Uwanja ukawa tope, njia ya msituni ikawa utelezi, akaja mara tatu: 4,500. Mei akaenda kwao wiki mbili, akapanda mara nne: 6,000. Mama akaniuliza mbona pesa za farasi zimepungua. Nikamjibu, pesa zimepungua, mdomo haujapungua.

Kulikuwa na ubaya mwingine ambao Mama hakuuona kwa sababu hakuwepo. Aliyelipa kwa saa hutaka saa yake yote. Siku moja jua kali, farasi ametoka jasho hadi chini ya mkanda wa tumbo, nikamwambia kijana atosheke. Akatazama saa ya mkononi akasema bado dakika kumi na tano. Alikuwa na haki kwa makubaliano waliyoyafanya. Lakini mtu akianza kutazama saa akiwa juu ya farasi, anayelipa ni farasi.

Basi nikatoa daftari langu. Mali bila daftari huisha bila habari, na hili langu la kurasa 96 lina kila kitu kilichoingia tumboni mwa farasi huyu au chini ya kwato zake. Nyasi kwanza. Hula kilo 9 hivi kwa siku, na robota la nyasi aina ya Boma Rhodes la kilo 15 tulilipata wakati huo kwa 300. Ni marobota 18 kwa mwezi, shilingi 5,400. (Kiangazi kikizidi robota hupanda hadi 450, na wakati huohuo hupungua uzito, ajabu ambayo hakuna muuzaji aliyewahi kunieleza.) Shayiri iliyopondwa, pumba, molasi kidogo na chumvi, 4,800. Maranda ya kulalia, 1,500. Fundi wa kwato huja kila baada ya wiki sita, viatu vinne kwa 4,500, na ukigawa kwa mwaka mzima ni 3,250 kwa mwezi. Dawa ya minyoo, dawa ya kupe, chanjo ya kila mwaka ya ule ugonjwa wa farasi unaoletwa na visubi baada ya mvua, na daktari wa kusugua meno, maana meno ya farasi huendelea kusukumwa nje ya ufizi na kufanya ncha zinazokata mashavu: vyote pamoja 24,000 kwa mwaka, yaani 2,000 kwa mwezi. Kodi ya banda na malisho, 6,000. Halafu mimi. Natunza farasi watatu kwa 21,000, kwa hiyo huyu mmoja hunilipa 7,000.

Jumla ni 29,950. Mama aliposoma karatasi ile alikata mstari mmoja tu kwa kalamu. Ulikuwa wangu.

"Wewe nakulipa hata asipopandwa na mtu," akasema.

"Na nyasi, Mama, si unanunua hata asipopandwa na mtu?"

Akanyamaza. Kisha akaniandika upya, kwa mwandiko mzuri kuliko wa kwanza.

Sasa turudi kwa msomaji wenu. Anadhani ile 15,000 imetoka hewani. Wiki ya farasi ina siku sita za kazi na moja ya kupumzika. Siku tatu ni nusu ya sita, na nusu ya 30,000 ni 15,000. Kama farasi wake anatunzwa kama wetu, aliyemtajia bei hiyo anajua kugawanya. Ila kugawanya sawasawa si lazima kuwe haki, na hapa namtetea kidogo. Mwenye farasi ndiye anayechagua Jumamosi. Ndiye anayeamua kama farasi ataruka vizuizi au hataruka. Ndiye anayeweza kesho kumuuza na pesa zikaingia mfukoni mwake peke yake. Mwenzake akilipa nusu kamili huku hana hata robo ya sauti, amepunjwa. Na mwenye farasi asije akamwongezea mwenzake sehemu ya bei ya kununulia. Alinunua mwenyewe, atauza mwenyewe.

Siku nazo hazilingani. Jumamosi saa mbili asubuhi, umande haujakauka, farasi amelala vizuri, huo ndio mnofu. Jumanne saa nane mchana, jua na inzi, ni mfupa. Anayepewa mifupa miwili asilipishwe bei ya mnofu. Nimeona watu wazima wakigombana miezi mitatu juu ya shilingi elfu moja, kumbe ugomvi wenyewe ulikuwa wa Jumamosi.

Nilimwambia Mama hivyo, naye kijana akaitwa, tukaketi watatu juu ya marobota. Wakakubaliana Jumatano na Jumapili. Siku mbili katika sita ni theluthi, yaani 10,000. Tukatoa 1,000 kwa sababu Jumapili Mama akiwa na wageni kijana atampisha. Ikabaki 9,000, kwa M-Pesa, tarehe mosi ya kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Kijana akauliza, je, Alhamisi Mama akiwa Kigali na farasi amesimama tu, anaweza kumpanda bure? Nikamwambia aombe kwanza, tena aniombe mimi, kwa kuwa farasi aliyesimama si lazima awe hana kazi. Huenda kazi yake siku hiyo ni kupumzika.

Akauliza pia kama atapunguziwa akija kufanya kazi mwenyewe: kuzoa mavi, kusugua matandiko, kubeba maji. Swali zuri. Farasi hunywa lita 40 au zaidi siku ya joto na bomba letu haliko karibu. Tukamwambia akija asubuhi mbili kwa wiki, Mama atamwondolea 1,500. Alikuja wiki mbili. Wiki ya tatu akatuma 9,000 kamili bila maelezo, nami sikumuuliza.

Kwetu Nandi kuna mpango wa zamani. Mwenye ng'ombe wengi humpa rafiki yake ng'ombe amtunzie. Maziwa ni ya anayetunza, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Hakuna daftari wala M-Pesa, na watu wameishi hivyo bila kushtakiana sana. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi nikizoa mavi. Uzuri wa mpango ule ni kwamba anayeamka alfajiri ndiye anayekunywa kwanza. Farasi hana maziwa. Anachotoa ni mgongo, na anayeunywa mgongo huo si mimi. Halafu mgongo huisha, maziwa hurudi kesho.

Kuhusu mgongo kuna jambo ambalo halifai kuwekewa bei kabisa. Kabla ya kijana huyu alikuja bwana mmoja mkubwa wa mwili, mcheshi, akasema atatoa 20,000 kwa siku mbili za kila wiki. Mama alitikisika, ninyi msimlaumu. Lakini watu wa farasi wengi hushika kwamba mpandaji pamoja na tandiko asizidi moja ya tano ya uzito wa farasi. Kwa jike wetu ni kilo 92. Tandiko letu ni kilo 8, na yule bwana, alipokubali kusimama juu ya mizani ya magunia, alikuwa 104. Nikamwambia kwa heshima kwamba pesa zake ni nyingi na yeye pia ni mwingi. Akacheka. Banda la pili kuna farasi aliyehasiwa, kilo 560, moja yake ya tano ni 112. Ukijumlisha bwana na tandiko unapata 112 kamili, kama dawa iliyopimwa na mfamasia. Nikampeleka huko, ingawa alikataa kupanda siku hiyo akisema yule ni mrefu mno.

Agosti ndipo makubaliano yetu yalipopimwa. Kila alfajiri hupapasa miguu yote minne kwa mgongo wa mkono kabla ya kuwasha taa. Jumatatu moja mguu wa mbele wa kushoto ulikuwa na joto nyuma, kwenye kano, na alipotoka bandani akawa anachechemea kidogo. Jumapili alikuwa amepandwa na kijana. Jumamosi Mama alikuwa amemrusha vizuizi. Jioni wakasimama wote wawili mbele yangu wakinitazama kana kwamba nimevaa joho la jaji. Nikawaambia ukweli: joto la kano haliandiki jina la aliyelileta. Linaweza kukaa siku mbili kabla ya mkono kulihisi.

Daktari wa mifugo akasema wiki sita za kupumzika. Kijana akauliza, kwa sauti ya chini, kwa nini alipe 9,000 kwa farasi asiyepandika. Mama akakasirika. Mimi sikukasirika, maana hilo ndilo swali gumu kuliko yote katika biashara hii, na wanaoshirikiana wengi hulikuta wakati farasi ameshaanza kuchechemea. Nilipendekeza hivi, na ndivyo walivyofanya. Wiki mbili za mwanzo alipe kama kawaida, kwa sababu chakula cha mwezi kilishanunuliwa kwa kutegemea pesa zake. Baada ya hapo alipe nusu, akishikilia nafasi yake isichukuliwe na mwingine. Daktari angesema miezi mitatu, angekuwa huru kuondoka na asinuniwe. Pesa za daktari ni za Mama, kwa kuwa farasi ni wake, akipona faida ni yake. Ila kosa likijulikana, mkosaji alipe. Mwezi mmoja nyuma nilikuwa nimemwambia kijana kiatu cha nyuma kinalegea, asiende naye barabara ya murram. Alienda, tena kwa shoti, akarudi na viatu vitatu. Safari ile ya ziada ya fundi alilipa yeye, 1,200, bila kubishana.

Wiki sita hizo maji baridi mguuni dakika ishirini asubuhi, dakika ishirini jioni, na kumtembeza kwa kamba dakika kumi kumi. Msomaji wenu na atoe hesabu ya pikipiki inayotembezwa kwa kamba.

Oktoba farasi akaumwa tumbo, saa nane usiku. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo tumbo lake likijikunja hakuna mlango wa juu, na asubuhi unaweza kumkuta amekufa. Nilimsikia akipiga ukuta kwa kwato. Simu ya Mama ilikuwa imezimwa, yuko Kigali. Ya kijana ikaita hadi ikakata. Nikampigia daktari kwa jina langu mwenyewe, huku nikijua nikiambiwa baadaye kwamba sikuruhusiwa, deni litakuwa langu. Farasi alipona kabla ya jua kutoka, akanya, sijawahi kufurahia mavi kiasi hicho. Mama alilipa yote na kunishukuru. Lakini tangu siku ile kuna karatasi mlangoni yenye sahihi zao wawili: saisi anaruhusiwa kumwita daktari saa yoyote. Mtu akitaka kushirikiana farasi, karatasi hiyo iandikwe kabla ya bei.

Sasa nifike kwangu, kwa sababu kama nisiposema mimi hakuna atakayesema. Kabla ya kijana, farasi alikuwa akitoka mara moja au mbili kwa wiki. Sasa hutoka mara tatu, mara nyingine nne. Tope la kuosha limeongezeka, matandiko ya kusugua yameongezeka, na Jumatano kijana hufika baada ya kazi, kwa hiyo mimi hutoka saa mbili usiku, wakati magari ya kwenda kwangu yamepandisha nauli. Ile 9,000 iliingia kwenye simu ya Mama kila tarehe mosi kama mshahara wa serikali. Ile 7,000 yangu haikusogea hata shilingi. Katika hesabu za nani apande siku gani, hakuna aliyekumbuka kwamba kila siku inayoongezwa juu ya mgongo huongezwa pia mikononi mwa mtu.

Nilingoja hadi Novemba, nikamletea Mama daftari, ukurasa ambao nilikuwa nimeandika saa tu, bila pesa. Alikaa nao jioni nzima. Akaniongezea 1,500 kwa mwezi, na kijana aliposikia akaninunulia taa ya kuvaa kichwani, kwa ajili ya Jumatano. Si haba. Saisi wa mabanda jirani, ambako farasi mmoja ana wapandaji watatu, waliniomba niwanakilie ukurasa ule.

Kwa hiyo ndugu msomaji aliyeandika, ukiona 15,000 ni nyingi, omba siku mbili badala ya tatu, uchukue za katikati ya wiki, na useme wazi kwamba Jumamosi humtaki. Omba kuonyeshwa daftari. Kama hakuna daftari, ondoka. Na kama lipo, tafuta mstari wa saisi, uone kama umekatwa kwa kalamu.

Yule farasi wa banda la pili bado ana nafasi Jumanne na Alhamisi. Utapimwa kwanza. Njoo saa kumi na moja alfajiri, ujionee "yupo tu pale" huanza saa ngapi.

Saisi,
Lang'ata, Nairobi